Bi Ozella na Daftari la Marehemu Tarver

Kila alipotoka mahakamani, Bi Ozella Tarver alisimama kwenye ngazi ya juu, akashika nguzo kwa mkono mmoja, akapangusa viatu vyake. Kulia mara tatu, kushoto mara tatu, kwenye zulia gumu ambalo watu wengine walilitumia wakati wa kuingia. Yeye kuingia aliingia hivyo hivyo, hata kama ametoka kukanyaga tope la shambani. Mama yake ndiye aliyemfundisha, akiwa na miaka sita, siku waliyokwenda pamoja kulipia kodi ya ardhi. Vumbi la nyumba ile halikutakiwa nyumbani kwao. Makarani walimchungulia dirishani wakacheka, naye alijua, na hakuharakisha.

Verdine Pruitt hakucheka, ila alichungulia kama wenzake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alisomea historia chuoni Montgomery, akarudi kumuuguza mama yake, na mama alipozikwa akabaki, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyemngoja kwingine. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kutunza chumba cha kumbukumbu, chini kabisa ya jengo la mahakama, ambako madaftari ya mirathi ya kaunti yalikuwa yamepangwa tangu enzi za utumwa. Wageni wake wengi walikuwa wazee wa Kizungu waliotafuta babu zao majenerali. Walipowakosa walikasirika, kana kwamba Verdine ndiye aliyewaficha.

Bi Ozella alishuka chumbani humo kwa mara ya kwanza Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1994. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na alikuwa amevaa soksi nzito pamoja na joto lote lile.

"Wewe ni binti wa Harlan Pruitt," alisema.

"Ndiye mimi, Bi Ozella."

"Harlan aliyekuwa anachukua sahani mbili pale shuleni, akiniambia ya pili ni ya rafiki yake."

"Huyo huyo."

"Yule rafiki sikuwahi kumwona hata siku moja. Haya, sogeza kiti. Nimekuja kutafuta watu wangu."

Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na nusu ya kaunti ilikuwa imekula kunde zake na mkate wake wa mahindi. Hakuolewa. Aliishi peke yake kwenye nyumba aliyozaliwa, katika shamba la ekari sitini na tatu ambalo babu wa baba yake, Cato Tarver, alilinunua mwaka 1884. Cato alizaliwa mtumwa. Aliacha watoto wawili, Simon na Luvenia, na hakuacha wosia. Simon naye hakuacha, wala baba yake Ozella. Ardhi ilikuwa ya wote, na kwa miaka mia moja na kumi hilo lilitosha.

"Kwetu hakuna aliyewahi kuandika wosia," alimweleza Verdine. "Ukiuandika inabidi uulete hapa. Na cha kwetu kikiletwa hapa hakirudi kama kilivyokwenda."

Watu wa Luvenia walihamia Detroit zamani. Wa mwisho wao, mzee aitwaye Lucius ambaye hakuwahi kulikanyaga shamba, aliiuzia haki yake yote kampuni moja ya mbao. Kampuni ikamwomba jaji aliuze shamba zima. Bi Ozella alikuwa na wakili wa msaada, kijana mwembamba aitwaye Fontaine, na Fontaine alimwambia jambo moja tu la kufanya. Athibitishe kwamba Simon, babu yake, alikuwa mtoto wa Cato. Akithibitisha, jaji atamkatia nusu yake, pamoja na nyumba na makaburi. Asipothibitisha, mtoto pekee wa Cato anayejulikana kisheria ni Luvenia, na shamba lote limeshauzwa.

Kila mtu katika kanisa la Mlima Nebo alijua Simon alikuwa mtoto wa Cato. Bi Ozella mwenyewe alimkuta Simon hai. Alikuwa na miaka tisa babu yake alipofariki. Alikumbuka akimsimulia jinsi Papa Cato alivyokuwa akimbeba mgongoni. Lakini Simon alizaliwa utumwani, na mtoto wa mtumwa hakuandikiwa cheti. Hata mawe ya makaburi yao yalikuwa na majina bila miaka, maana hakuna aliyejua alizaliwa lini. Ukitaka kujua mkubwa ni nani, ulisema fulani alimlea fulani, yakaisha. Pahali pekee ambapo jina la Simon lingeweza kuwa ni katika hesabu ya mali ya mtu aliyemmiliki.

Hivyo wakaanza. Kila Jumanne Verdine alishusha daftari moja zito, akaliweka mezani, wakaketi bega kwa bega. Wafu wa kaunti walikuwa wengi, na kila mfu mwenye mali aliorodheshewa vitu vyake na wasimamizi wa mirathi: nyumbu, majembe, vitanda vya manyoya, saa ya ukutani, watu. Majina yalikuwa kushoto. Kulia kulikuwa na safu nyembamba ya umri, na pembeni yake safu ya bei.

Bi Ozella alikuja na bahasha ndefu ya kanisani, ile ya sadaka. Kabla ya kusoma ukurasa wowote aliilaza upande wa kulia, kuanzia juu hadi chini, ikafunika tarakimu zote.

"Majina ndiyo niliyoyafuata," alisema. "Sitaki kujua walisema Papa Cato ni nyumbu wangapi."

Verdine alielewa. Mama yake mwenyewe, walipokuwa wakitazama picha za vitabu vya shule zenye matangazo ya mnada wa watumwa, alikuwa akiweka kiganja juu ya bei. Chuoni alifundishwa kusoma kila safu, na kwa wageni wengine wote alisoma kila safu. Kwa Bi Ozella aliiheshimu bahasha. Hata alipokuwa peke yake, akimtangulia kurasa chache ili kuokoa muda, alijikuta ameweka rula mahali pale pale.

Ilichukua miezi minne. Katikati ya mwezi wa tisa walifika kwa marehemu Elbert Tarver, aliyefariki Januari 1858, na kwenye ukurasa wake wa tatu kidole cha Bi Ozella kikasimama.

"Verdine. Soma hapa."

"Cato."

"Na chini yake?"

"Simon."

Bi Ozella aliinuka. Alisimama hapo muda mrefu, mikono imeshika ukingo wa meza, midomo ikienda bila sauti. Kisha akaketi.

"Mstari chini ya mstari," alisema. "Baba na mwanawe. Hawakutenganishwa. Unajua wangapi walitenganishwa? Hawa hawakutenganishwa."

"Hawakutenganishwa," Verdine alisema.

"Nitengenezee nakala, mama. Na uweke muhuri ule mkubwa, ule unaotoboa karatasi, wasije wakasema nimeichora jikoni."

Verdine alilibeba daftari mpaka kwenye mashine ya kunakili. Mashine haikujua habari za bahasha. Ilitoa ukurasa wote, kushoto na kulia. Aligonga muhuri, akaiinua nakala kwenye mwanga kuona kama herufi zimetoka sawasawa. Ndicho alichokitazama, muhuri. Alasiri hiyo hiyo Fontaine aliipeleka nakala kwa karani wa jaji, ikaingia kwenye jalada la kesi.

Siku ya kusikilizwa kwa kesi, Verdine alifika saa mbili asubuhi. Fontaine alikuwa amemwomba alete daftari lenyewe juu, kama jaji angetaka kuliona. Alilifungua ili aweke alama kwenye ukurasa. Bahasha haikuwepo, wala rula. Macho yake yalikwenda kulia yenyewe, kama yanavyokwenda macho ya msomaji yeyote.

Cato, 11. Simon, 3.

Alisoma tena. Alitafuta Cato mwingine kwenye kurasa zote za marehemu Tarver, na hakukuwa na Cato mwingine. Alipanda ngazi mbili mbili, akamkuta Fontaine koridoni akila andazi, akamwonyesha kwa kidole.

Fontaine aliacha kutafuna. "Nani mwingine ameiona?"

"Iko kwenye jalada."

"Najua iko kwenye jalada. Nimeiweka mimi. Haskett ameiona?"

Haskett alikuwa wakili wa kampuni ya mbao. "Alichukua nakala yake Jumatatu," Verdine alisema. "Niliitoa mimi. Alinishukuru."

Fontaine alilitazama andazi lake kana kwamba amepewa alishike tu. "Tunaweza kuiondoa?"

"Wewe ndiye wakili."

"Hatuwezi," alisema.

Bi Ozella alitokea mwisho wa korido, ameshikwa mkono na mtoto wa dada yake, Earline. Alivaa kofia ya rangi ya zambarau yenye ukingo mpana na viatu vyeupe vya Pasaka. Nyuma yake walikuja wanawake kumi na wawili wa Mlima Nebo, kila mmoja na kipepeo chake cha kujipepea.

"Verdine," alisema, "unaona? Papa Cato leo anaingia kwa mlango wa mbele."

Verdine alifungua kinywa. Ilikuwa rahisi: maneno manne, matano. "Umependeza, Bi Ozella," alisema.

Mbele ya jaji, Haskett hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya kuzungumza chumbani kwa mgonjwa, na alimsogezea Bi Ozella glasi ya maji kabla ya kuuliza lolote.

"Bi Ozella, karatasi hii umeileta wewe?"

"Nimeileta mimi."

"Na unaamini yaliyoandikwa humo ni kweli?"

"Waliandika watu wenu. Nyie ndio mnaojua kama walikuwa wakweli."

Wanawake wa Mlima Nebo walicheka, na jaji akainamisha uso kuficha tabasamu. Haskett naye alitabasamu.

"Naomba umsomee Mheshimiwa mstari wa Cato. Wote, tafadhali, mpaka mwisho."

Bi Ozella alivaa miwani. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba, ukaanza kuitafuta bahasha, halafu ukakoma. Aliutoa mtupu.

"Cato," alisoma. "Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja ni nini?"

"Miaka."

"Na Simon?"

Kipepeo kimoja kilikuwa bado kinapunga. Kikaacha.

"Mitatu," alisema.

"Kwa hiyo Simon alipozaliwa, Cato alikuwa na..."

"Nimepika chakula cha watoto mia nne kila siku kwa miaka thelathini na mmoja, Bwana Haskett. Kumi na moja ukitoa tatu naweza."

"Naomba jibu tu, mama, liandikwe."

"Minane."

Fontaine alijitahidi. Alisema Cato alimlea Simon, akampa jina, akamlisha, na kanisa zima lilimjua kuwa mwanawe. Jaji aliuliza kama kuna karatasi yoyote ya kumfanya Simon kuwa mtoto wa Cato kisheria. Fontaine alisema mwaka 1858 Cato hakuwa na haki ya kisheria hata juu ya shati lake. Jaji akasema hilo analifahamu, tena kwa sauti ya mtu anayelifahamu, na akauliza kuhusu miaka ya baadaye, baada ya uhuru. Hakukuwa na karatasi. Fontaine akauliza, je, kukaa kwao kwenye ardhi ile miaka yote hiyo hakuwapi haki? Haskett akasimama, akasema kwa upole kwamba anayekaa kwa ridhaa ya ndugu hajanyang'anya, na asiyenyang'anya hapati ardhi kwa kuikalia tu. Jaji aliifunika kalamu yake. Alisema ataandika uamuzi, na hakumtazama mtu.

Koridoni, Bi Ozella aliomba kiti. Earline akaenda kuleta gari.

"Ulijua?" Bi Ozella alimuuliza Verdine.

"Tangu saa mbili."

"Ungeniambia ningevaa viatu vya kila siku. Hivi vinanibana."

"Nilitaka, Bi Ozella. Nikaiona kofia."

"Kofia ina nini?"

"Haina kitu. Ni nzuri."

"Najua ni nzuri." Alivua kiatu kimoja, akakanyaga sakafu kwa mguu wa soksi. "Kumi na mmoja. Mtoto wa darasa la tano huyo. Nawajua wa darasa la tano. Hawawezi kubeba sahani yao kutoka dirishani hadi mezani bila kumwaga maziwa. Halafu huyu amebeba mtu."

Verdine alitaka kusema kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba yeye ndiye aliyesomea kazi hii. Aliyasema. Bi Ozella alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mtoto aliyepoteza koti.

"Ungekuwa umeona mapema, ungeifanyia nini?" aliuliza.

Verdine alifikiri. Ukurasa ungekuwa ule ule. "Sijui," alisema.

"Basi."

Jumanne iliyofuata alikuja kama kawaida. Verdine hakumtazamia, na hakuwa ameshusha daftari.

"Simon ana mama," Bi Ozella alisema. "Mtu wa miaka mitatu hatoki hewani. Nisomee yote sasa. Kulia na kushoto."

Verdine alisoma. Alisoma majina, umri na bei, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Bi Ozella alikaa amefumba macho. Baada ya hesabu ya mali zilifuata kurasa ambazo hawakuwahi kuzifikia, za mgawanyo kati ya watoto wa marehemu. Elbert mdogo, aliyebaki na shamba, alipewa Cato. Alipewa pia Simon, mtoto wa Dinah. Na Dinah, miaka ishirini na mmoja, alikwenda kwa Martha, binti wa marehemu, aliyekuwa ameolewa na mtu aitwaye Josiah Kemp na alikuwa anahamia Texas.

"Rudia jina."

"Dinah."

"Sijawahi kulisikia," Bi Ozella alisema. "Kwa miaka themanini na mmoja, hata kwenye sala." Baadaye kidogo akauliza, "Na Cato alikuwa na mama?"

"Hakuandikiwa mama. Ameandikwa peke yake."

"Sawa."

Verdine aliandika barua kwenye kaunti tatu za Texas. Ya kwanza ilijibu kwamba jengo lao la mahakama liliungua zamani pamoja na kila kilichokuwemo. Ya pili ilijibu kwamba Josiah Kemp aliandikwa kwenye daftari la kodi miaka miwili, kisha hakuonekana tena, na watu aliokuwa nao waliandikwa kwa idadi bila majina. Ya tatu haikujibu. Aliandika tena. Haikujibu.

Uamuzi wa jaji ulitoka mwezi wa kumi, kurasa nne, lugha ya heshima tupu. Bi Ozella Tarver hakuwa mrithi wa Cato Tarver. Alipewa siku tisini. Fontaine alizungumzia rufaa, halafu akaacha kuizungumzia, halafu akahamishiwa ofisi nyingine. Earline alimpa Bi Ozella chumba cha nyuma kwenye nyumba yake ya kupanga mjini, ghorofa ya pili, dirisha likitazama maegesho ya magari. Wanawake wa Mlima Nebo walihamisha masufuria. Bamia na sukuma wiki zilizokuwa bado bustanini waligawana, kwa sababu hakukuwa na cha kufanya nazo kingine.

Kampuni iliyaacha makaburi, ikayazungushia uzio. Kuingia ilibidi kuomba ufunguo kwenye ofisi yao, mji wa pili, siku za kazi. Mwezi wa kwanza Verdine alimwendesha Bi Ozella mpaka kwenye lango. Ufunguo hawakuwa nao. Karani wa ile ofisi alisema mwenye ruhusa ya kuutoa yuko likizo. Misonobari ya upande wa kaskazini ilikuwa imelazwa yote. Ukitazama kutoka garini uliona moja kwa moja hadi mtoni, jambo ambalo hakuna Tarver aliyewahi kuliona.

"Kumbe mto uko karibu hivi," Bi Ozella alisema.

Hakuomba kushuka.

Baada ya hapo alianza kula kidogo. Daktari alitaja moyo, akataja umri. Verdine alikuwa akienda kila Jumanne jioni baada ya kazi, akiwa na chakula kwenye bakuli, na Bi Ozella alikuwa akikionja na kumwambia kilichokosekana: chumvi, muda, subira. Hakuzungumzia shamba. Alizungumzia watoto wa shule, nani alikuwa mwizi wa biskuti na sasa ni mchungaji.

Verdine alitamani kumletea kitu. Aliandikia kaunti ya nne na ya tano. Aliandikia makanisa. Usiku hakulala vizuri na mchana alikaa kule chini akigeuza kurasa za watu wasiomhusu, akitafuta Dinah yeyote wa umri ule, na aliwapata wengi, na hakuna aliyekuwa yeye.

Jumanne ya mwisho ilikuwa mwezi wa pili, mvua nyembamba inanyesha. Bi Ozella alikuwa amelala chali, nywele zimesukwa upya na Earline, mikono juu ya blanketi. Kunde hakuzionja. Verdine alimwambia habari ambayo hakutaka kuileta, kwamba kaunti ya nne imejibu, na kwamba hawana lolote. Akamwambia ataandika tena, popote watakapomwelekeza, ingawa yeye mwenyewe hakuamini tena, na alijua sauti yake inamwumbua. Akavaa koti. Bi Ozella alifariki Ijumaa, kabla Verdine hajarudi, na kwa hiyo alichomwambia Verdine alipokuwa tayari mlangoni ndicho kilikuwa cha mwisho.

"Ukiwapata watu wa Dinah," alisema, "usianze na habari za ardhi. Anza na mtoto. Waambie alilelewa."